Vichwa Viwili vya Mkate

Watoto wangu hawapendi kwenda nami dukani, na sababu ni mkate. Watu wengine huchukua mkate wakaenda zao. Mimi husimama mbele ya rafu, nikaubonyeza mmoja, nikaunusa kupitia plastiki, nikaurudisha, nikachukua mwingine, halafu nikaanza hotuba yangu: mkate wa zamani ulikuwa mkate, huu wa siku hizi ni hewa tupu, ukiubana haurudi. Binti yangu husogea upande wa sabuni na kujifanya hanijui. Simlaumu. Mwanamke mzima mwenye miwani ya kusomea anayenusa mkate mbele za watu si mama wa kujivunia.

Lakini wacha niseme. Kisumu ya miaka ya themanini ilikuwa na mikate, na mimi niliijua yote jinsi kaka yangu alivyowajua wachezaji wa mpira. Ulikuwepo mweupe wa kawaida, wa karatasi ya nta yenye miraba ya buluu, ambao ndio ulikuwa mkate wetu sisi wa nyumba za reli. Ulikuwepo wa maziwa, wa karatasi nyekundu, slesi zake nene na za rangi ya manjano kidogo, ulionunuliwa mtu akifaulu mtihani au mchungaji akija kututembelea. Kwa kuwa mimi sikuwa hodari wa mitihani, nilimwombea sana mchungaji afya njema. Ulikuwepo wa kahawia, ambao tuliamini ni dawa, maana hatukuuona ila kwenye nyumba zenye mgonjwa wa sukari. Na ulikuwepo wa zabibu. Huo wa zabibu nimewasimulia watoto wangu hadi wameuchoka: utamu wake, harufu yake, zabibu zilivyotokeza kila slesi ilipokatwa. Ukweli ni kwamba niliula mara moja tu, nusu slesi, na zabibu yenyewe iliangukia upande wa kaka yangu.

Ujuzi wangu mwingi ulikuwa wa karatasi. Niliziokota nyuma ya maduka, nikazikunjua, nikazinusa, kisha nikajalidia vitabu vya shule. Daftari langu la hesabu lilivaa karatasi nyekundu ya mkate wa maziwa, na mwalimu akaniuliza mbele ya darasa kama nilikuja kusoma au kunywa chai. Kando ya njia ya kuelekea Obunga palikuwa na mama aliyeuza slesi moja moja. Alipaka siagi kwa kisu, halafu kwa kisu kilekile akaikwangua yote na kuirudisha mkebeni, na wewe ukabaki na harufu. Hadi leo nikiulizwa mkate na siagi mtamu niliowahi kula, nautaja wa mama yule, ambao kwa haki haukuwa na siagi.

Siku moja nilialikwa Milimani, kwa msichana tuliyesoma naye ambaye baba yake alikuwa mkubwa serikalini. Tuliletewa mkate uliochomwa na kukatwa pembetatu, bila ganda. Nikauliza ganda limekwenda wapi, nikidhani labda huo ni mkate wa aina nyingine nisiyoijua. Akanionyesha dirishani. Mbwa wao alikuwa ameketi mbele ya sahani iliyojaa maganda, anakula taratibu, bila hata haraka. Nilicheka kama mtu aliyezoea mambo hayo, na nilimwonea wivu mbwa yule juma zima.

Maana ganda ndilo lililokuwa ugonjwa wangu. Kila mkate wa slesi una vichwa viwili, ile slesi ya kwanza na ile ya mwisho, ambazo upande mmoja wote ni ganda. Nyumbani kwetu kichwa kilikuwa adhabu. Aliyechelewa kufika mezani ndiye aliyepewa. Mimi nilianza kuchelewa kwa makusudi, hadi mama akagundua na kuanza kunipa slesi za katikati ili nijifunze adabu.

Dani, mama yake baba, aliishi mbele ya Bondo, upande wa kushuka ziwani. Kwa watu wetu huendi dala, nyumbani kwa asili, ukiwa mikono mitupu. Mtu wa mjini akifika, watu humtazama uso kwanza, kisha mikono, na mikononi wanatarajia kuona sukari na mkate wa slesi. Mandazi hata wao hukaanga. Slesi zilizokatwa na mashine, zote unene mmoja, hizo ndizo zilizothibitisha kwamba kweli umetoka Kisumu.

Tangu nilipotimiza miaka tisa, kila shule ilipofungwa, mimi ndiye niliyetumwa. Mama alinikalisha kiti cha nyuma ya dereva wa basi, akanikabidhi kwa utingo, kisha akaniwekea mkate mapajani. Maneno yake yalikuwa yaleyale miaka yote.

"Usiukalie. Usiuweke chini. Na ukifika, mpe dani kwa mikono miwili."

Basi lilipopita Kisian na kuacha lami, nilikuwa tayari nimeshageuka mwizi.

Karatasi ya nta ilikunjwa ncha zote mbili na kushikiliwa na lebo ndogo ya gundi. Ukiipulizia lebo pumzi ya moto kwa subira, gundi huachia bila kuchanika. Nilikuwa na subira hiyo, mimi ambaye sikuweza kukaa na hesabu moja ya kugawanya hadi mwisho. Nilikunjua, nikachomoa kichwa, nikakunja tena, nikalamba gundi na kubandika lebo ilivyokuwa. Hicho nilikila kabla ya Holo. Kisha niligeuza mkate na kuanza ncha ya pili. Hadi Ndori mkate wangu ulikuwa umepungua pande zote mbili, karatasi ikakunjwa ndani zaidi, na mimi ninatazama nje kwa uso wa mtoto wa kanisa.

Nilikuwa na hoja zangu. Kichwa ni adhabu, nilijiambia, na kumpelekea mtu mzima adhabu ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo mimi sikuwa naiba. Nilikuwa nausafisha mkate. Mtu anayetaka kujua jinsi binadamu anavyoweza kujidanganya hana haja ya kusoma vitabu vikubwa, aje aniulize mimi niliyekuwa na miaka tisa.

Dani aliupokea mkate kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye meno machache yasiyokutana, na alikuwa na tabia ya kubonyeza ncha za mkate kwa kidole gumba, huku na huku, kabla ya kusema asante. Nilidhani ndivyo wazee wanavyosalimia mkate. Kisha aliketi kwenye kigoda, akafungua karatasi na kuanza kugawa. Slesi moja moja ilikwenda kila nyumba ya boma lile. Nyingine ilikwenda kwa jirani aliyemchotea maji, nyingine kwa mama wa kanisani aliyekuwa mgonjwa, na kwa yeyote aliyepita akasema hodi, na siku hiyo watu wengi walikumbuka kusema hodi. Mimi nilipewa yangu, na niliipokea kwa unyenyekevu wa mtu asiyestahili, ambao kwa kweli ndio ulionifaa. Mwishowe karatasi ilibaki tupu. Dani aliikung'uta, akaikunja vizuri na kuiweka kabatini, na akanywa chai yake kavu.

"Dani, wewe huli?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Nimeshiba, nyakwara," alisema. Mjukuu wangu, yaani. Hakuniita vinginevyo maisha yake yote.

Nikarudi Kisumu na habari kwamba dani hapendi mkate. Neno hilo nililisema kwa uhakika, kama daktari. Likaenea katika ukoo wote, hata wajomba wakalijua, na mama akaanza kuwaza kumpelekea kitu kingine, labda maharagwe mazuri ya mjini. Hapo nilishtuka. Nilisimama katikati ya sebule na kumtetea dani kwa sauti, kwamba hata kama yeye hali, mkate ndio unaomletea watu, na watu ndio furaha yake, na maharagwe hata hapo Bondo yapo. Mama alinitazama, akasema kumbe huyu mtoto ana moyo. Nikaendelea kutumwa na mkate, kila likizo, miaka mitano au sita, na moyo wangu.

Kilichonishika hatimaye ni plastiki.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini karatasi ya nta ilitoweka. Mkate ukaanza kuja katika mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu, mdomo wake umefungwa kwa utepe mkali unaong'ang'ania. Watu walisema ni usafi. Mimi nilikuwa kidato cha pili wakati huo, nina sketi ndefu na maoni juu ya kila jambo, na ungefikiri nimeshaacha. Sikuwa nimeacha. Siku hiyo nilijaribu pale pale baada ya Kisian. Plastiki ilipiga kelele basi zima. Nilipuliza utepe hadi nikapata kizunguzungu, haukutikisika. Mama aliyeketi kando yangu na kapu lake la dagaa wa omena aliniangalia muda mrefu.

"Wewe, hiyo mkate unapelekea nani?" akauliza.

"Dani."

"Basi wacha ifike."

Nikaiacha ifike. Nilikuwa na hasira njia nzima, hasira ya mtu aliyenyimwa haki yake.

Dani alikuwa amezeeka tangu likizo iliyopita. Alipokea kwa mikono miwili, akabonyeza ncha kwa gumba, na mkono ukasita. Akabonyeza tena. Kisha akamwita aunti, mke wa baba yangu mdogo, ambaye jiko lake lilikuwa hatua chache kutoka hapo.

"Njoo uone," alimwambia kwa Dholuo, polepole. "Kichwa kimerudi."

Aunti alikuja akifuta mikono kwenye leso. Alipoona kile kichwa cha mkate ndani ya plastiki alicheka kwa furaha ya kweli, akanigeukia mimi.

"Si tulikuwa tunasema hawa watu wa bekari wameacha kuoka kichwa. Dani yako amengoja hii kitu, aki. Jaduong', babu yako, akiwa hai, akitoka kazi ya gati Kisumu na mkate, mkate yote ni ya watu, lakini kichwa ni ya dani. Hakuna mtu anagusa. Unaona meno yake? Slesi ya katikati akichovya kwa chai inaanguka ndani, inakuwa uji. Kichwa ndio inashika."

Nilisema, "Aa." Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwona akinywa chai kavu mbele ya mkate aliouwazia, na nikaenda mjini kutangaza kwamba haupendi. Nilijiona mtoto wa hovyo kabisa.

Aunti alirudi jikoni. Dani alikata plastiki kwa kisu na kugawa kama alivyogawa siku zote, nyumba kwa nyumba, akiniita nipeleke hapa na pale, nami nikapeleka mbio kuliko nilivyowahi kwenda popote. Niliporudi kutoka nyumba ya mwisho, alikuwa ameketi na kikombe, na vichwa viwili viko mbele yake juu ya sahani ya bati. Alichovya kimoja kwenye chai, kikashikilia, akakila taratibu, akichovya na kula hadi kikaisha. Sijawahi kuona mtu akila kitu kwa makini namna ile. Kisha akakisukuma cha pili upande wangu.

"Hiki ni cha aliyebeba," alisema.

"Dani, kula tu. Kula vyote."

"Mkate una vichwa viwili. Kimoja cha nyumba unakofika, kimoja cha mkono uliobeba. Babu yako alikula chake njiani, mimi nikala changu hapa." Akanywa chai kidogo. "Chako ulikuwa unakula. Sikuwa na neno na hicho."

Nilianza kulia, kilio cha msichana wa kidato cha pili, chenye makamasi na bila heshima yoyote. Nilimuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo, hata mara moja.

"Ningesema, ungeona haya," alisema. "Ukiona haya, huji tena. Mkate ungeletwa na nani?"

Kisha akanionyesha kwa kidevu kwamba chai inapoa. Nikakichovya kichwa changu kama alivyofanya yeye, nikakila, na kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilitumaini angalau siku hiyo kingenikwama kooni kama inavyotakiwa kwa mtu anayejuta. Kilishuka vizuri sana.

Tangu siku hiyo nilibeba mkate kama wanavyobeba kikapu cha sadaka. Sikuuweka chini hata wakati wa kushuka na mzigo. Tulikula vichwa vyetu tukiwa tumeketi mlangoni, yeye na mimi, kila likizo, na aliniuliza habari za shule, nami nikamdanganya juu ya hesabu. Alinijua. Alibonyeza ncha za mkate kwa gumba kila mara, hata baada ya kila kitu kujulikana, na kila mara alinitazama kwa jicho la utani.

Nilichofanya na msamaha huo ndicho ninachokionea haya hadi leo, kuliko ule wizi. Kidato cha nne kilikuja, nikasema nasoma. Chuo kikaja, kikaniweka mbali, nikasema nauli na muda. Nikawa ninampa utingo mkate ampelekee dani, nikajiambia kwamba mkate unafika, na mkate ndio alioutaka. Nilikuwa nimejitungia hoja nyingine nzuri, maana kipaji hicho sikukipoteza. Sikujua kama utingo naye alikuwa na subira ya kufungua utepe. Sikuuliza. Baba alisema kwamba dani anasalimu, na anauliza lini.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wa mvua ndefu. Nilikwenda na basi lilelile, au lililofanana nalo, na mkate mmoja mapajani, ingawa hakuna aliyenituma. Mbele ya Ndori lami ilikuwa imefika sehemu ambazo sikuzikumbuka. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipokaa mlangoni naye, nikashindwa kuhesabu likizo zilizopita.

Matanga yalikuwa makubwa. Mikate ililetwa kwa katoni, na wakwe, na watu wa kanisa, na wafanyakazi wenzake baba, ya kila aina niliyoijua na mingine nisiyoijua. Ulikuwepo mweupe, ulikuwepo wa maziwa, ulikuwepo wa kahawia. Mtu fulani alileta hata wa zabibu. Mikate yote niliyoiota utotoni ilikuwa imepangwa juu ya mkeka nyuma ya jiko la aunti, na sisi wasichana wa boma tukapewa kazi ya kuifungua na kupanga slesi kwenye sinia za wageni.

Vichwa havikuwekwa kwenye sinia. Mgeni wa matanga hapewi kichwa, nilielezwa, kama vile mimi ndiye nisiyejua. Vilitupwa kwenye beseni la plastiki kando yangu, viwili kwa kila mkate. Kufikia alasiri beseni lilikuwa limejaa hadi juu. Utoto wangu wote sikuwahi kuota utajiri kama huo, na hakuna aliyekuwa akiulinda.

Aunti alipita akanimiminia chai. Nilichukua vichwa viwili, si kutoka kwenye beseni, bali kutoka kwenye mkate nilioubeba mwenyewe. Niliketi juu ya jiwe la kufulia. Binamu yangu mmoja alipita na sinia akaniona, akatikisa kichwa.

"Huyu na mkate," akasema. "Hata leo, jawuoro."

Jawuoro ni mlafi. Nilicheka naye, maana hakusema uongo. Nilichovya kichwa cha kwanza, kikashikilia, nikakila chote. Cha pili nilikishika mkononi na sikujua nikipeleke wapi. Chai ikapoa. Watu wakaja wakapewa slesi wakaenda, na aunti aliporudi kuchukua vikombe aliniona nimekaa palepale na akaniuliza kama nimeshiba.

Nilimwambia nimeshiba, lakini hiki kilichobaki si changu.